S ya Kuhifadhi, S ya Kusimama

Jumamosi iliyopita tulimzika Bwana Wekesa, mkubwa wangu wa kwanza kazini. Nilikaa chini ya turubai pamoja na waombolezaji wengine, nikijipepea kwa karatasi ya ratiba, wakati jamaa yake aliyekuwa akisoma wasifu alipofika kwenye miaka ya Turkana. Alisema kwamba marehemu, mbali na kuwapeleka watu wengi kwenye upasuaji wa macho, ndiye aliyekomesha wizi wa majina Kakuma. Watu waliguna kwa heshima. Mkono wangu ulisimama hewani na karatasi yake. Hakukuwa na wizi wowote wa majina Kakuma. Kulikuwa na kidole changu. Nikaanza kujiuliza kama inafaa mtu asimame msibani kusahihisha wasifu, na kama mjane angedhani namvunjia mumewe heshima, na kama kunyamaza si kumsingizia upya mtu aliyekwisha kusafishwa. Nilipokuwa bado nayapima hayo, jeneza likainuliwa. Ndivyo nilivyo hata leo, na mvi zangu. Basi nimerudi nyumbani, nikaketi mezani, ili niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu, na kazi niliyopata ilikuwa ya majaribio, mwaka mmoja, Lodwar, katika shirika dogo lililowapeleka wagonjwa wa mtoto wa jicho kupasuliwa. Daktari alikaa Lodwar, akienda Kakuma kupima na kurudi na fomu. Wagonjwa wengi walikuwa Kakuma, wakimbizi wa kambini na Waturkana wa pande za Lopur, na orodha yao ilikaa huko huko, ndani ya mashine iliyotolewa msaada na watu waliokwisha kuichoka. Mimi nilipokea fomu zilizotiwa sahihi na daktari, nikayaingiza majina katika mashine ile ya Kakuma bila kuondoka kitini pangu Lodwar. Leo jambo hilo halimshangazi hata mtoto. Wakati ule lilikuwa ni muujiza wenye kelele. Chumba changu kilikuwa cha mawe ya kijivu na paa la mabati, na feni iliyohamisha joto kutoka kona moja hadi nyingine. Juu ya meza palikuwa na kompyuta, redio, na katikati yao kisanduku chenye taa nne ndogo kilichogeuza herufi kuwa mlio na mlio kuwa herufi. Nikipiga Kakuma, kisanduku kililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango, halafu ndani ya skrini yangu likafunguka dirisha jeusi lenye maandishi ya kijani. Dirisha lile lilikuwa Kakuma. Mashine yangu ilitumia Windows, ya Kakuma ilitumia Unix, na ile ya Kakuma haikujua kipanya wala picha. Ilijua kibodi tu. Nilichobonyeza Lodwar kilifika huko baada ya muda wa kupiga chafya mbili.

Ukutani, mbele ya uso wangu, aliyenitangulia alikuwa amebandika karatasi yenye maneno makubwa: HIFADHI KAZI YAKO. Alikuwa na sababu. Umeme wetu ulitoka kwa jenereta iliyokuwa na kifua. Ilikohoa, taa ikafifia, na kabla hujamaliza kusema "mama" kila ulichoandika kilikuwa kimekwenda. Mtu mwingine angezoea. Mimi sikuzoea. Nilijifunza kuisikiliza jenereta kama mtu anavyosikiliza pumzi ya mgonjwa, na ilipokohoa tu, vidole vyangu viwili viliruka vyenyewe kwenda kwenye Ctrl na S, njia ya mkato ya kuhifadhi niliyofundishwa chuoni. Sikuamua. Vidole viliamua. Na kwa kuwa siku zile nilikuwa mtu wa kuandika kila jambo, kila redio ilipokwama na kunilazimu kukata na kupiga upya, niliweka herufi R ndogo ya penseli kwenye kona ya fomu niliyokuwa nayo mkononi. R ya redio. Niliweka alama hizo ili siku nikiulizwa kwa nini kazi imechelewa, niwe na jibu. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilijiandaa kwa mashtaka ambayo hayakuwepo, na yale yaliyokuwepo sikuyaona.

Nilipanga chumba kwa Mama Ekal, mama wa Kiturkana aliyeuza samaki wakavu kutoka Kerio. Chumba kilikuwa na mkeka wa mikoma, ndoo, na dirisha dogo lililotazama ua ambao yeye na jirani zake walikaa kusuka na kusengenya. Jioni tulikula ugali na samaki waliochemshwa mpaka mifupa ikalegea, kisha chai ya maziwa ya mbuzi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kiswahili chake alikisuka alivyotaka, na hakikumpungukia. Siku moja, nikiwa chumbani, nilimsikia akiwaambia wenzake, "Huyu msichana yangu amesoma mpaka imekuwa ugonjwa. Anafunga mlango. Anaenda mpaka kwa barabara. Anarudi kuuliza mlango kama imefungwa." Jirani akauliza, "Na mlango inasema nini?" Wakacheka mpaka mbwa akaondoka. Nilipotoka nje hawakunyamaza hata kwa adabu. Mama Ekal alinisalimu kwa Kiturkana, akaniita nikae. "Moraa, ejok? Kaa hapa. Wewe unafikiria kama mtu anachunga mbuzi ya mwingine. Hata ile imelala unaamsha uone kama iko."

Kwenye mwezi wa sita hivi habari zilianza kuja kutoka Kakuma. Asubuhi za safari, watu walikusanyika kwenye lango la ofisi yetu huko, na karani aliwasomea majina kutoka orodha iliyochapwa na mashine. Aliyesomwa alipanda lori. Na sasa kulikuwa na watu ambao daktari aliwapima mwenyewe, akatia sahihi, na majina yao hayakusomwa. Bibi kizee Mturkana. Msomali mwenye duka. Mkongomani fundi cherehani. Walipofika watu saba, Bwana Wekesa aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye desturi ya kuikunja mikono ya shati kabla ya kusema jambo baya.

"Moraa," akasema, akikunja, "hizi fomu saba. Wewe uliziingiza?"

"Ndiyo, Bwana. Zote. Niliziona kwa macho yangu zikiingia."

"Nakuamini. Sasa tazama orodha." Akaigeuza upande wangu. Alikuwa amepanga fomu zote kwa mfuatano wa kuingizwa, na penye kila jina lililopotea ameweka alama ya wino mwekundu. "Kila lililopotea, linalofuata ni la nani?"

Nilisoma. Dut Mayom. Dau Ayuel. Dhieu Ayok. Yote saba yalikuwa majina ya Wadinka.

"Na karani wetu wa Kakuma ni kabila gani?" akauliza, kwa upole ule ule.

Karani alikuwa Mabior, naye Mdinka. Nilimjua kwa sauti ya redio tu, kijana wa kutoka Sudan Kusini aliyekuwa amekaa kambini miaka kadhaa. Kila asubuhi aliniambia, "Dada Moraa, Kakuma iko hapa, mashine iko hapa, mimi niko hapa, sema." Bwana Wekesa alieleza aliyoyaamini: Mabior alikuwa akimtoa mtu mmoja ili kumpisha ndugu yake. Alikuwa amekwisha kumwambia akae nyumbani wiki mbili. Alhamisi ijayo, siku ya lori, angemfukuza rasmi na kupeleka jina lake kwa wakuu wa kambi. Nilijua maana yake. Mkimbizi aliyefukuzwa kwa wizi hapewi kazi na shirika jingine lolote. Jina lake linamtangulia kila mlangoni. Bwana Wekesa akasema niende Kakuma nikakalie kile kiti mpaka apatikane karani mwingine. Nilisema ndiyo, Bwana. Nilipotoka nilikuwa na shaka, lakini mimi nilikuwa na shaka na kila kitu, hata na kufuli la mlango. Mtu wa namna hiyo hajui shaka ipi ni ya kweli. Jambo moja lilinikera: aliyeondolewa hakuhitaji kuondolewa. Orodha haikuwa na mwisho; ungeweza kuongeza Wadinka wote wa kambi bila kumgusa Mturkana mmoja. Mwizi gani huyu anayevunja nyumba iliyo wazi?

Jumatatu Bwana Wekesa alinishusha Kakuma na gari likaendelea Lokichoggio, na kutoka hapo Nadapal, ambako alikuwa na shughuli zake mpaka Alhamisi. Nilibeba sanduku moja la nguo na boksi moja la fomu, zote tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu sikuweza kuamua zipi niziache. Ofisi ya Kakuma ilikuwa chumba kimoja cha udongo, kimefagiliwa hadi sakafu inang'aa. Kiti cha Mabior kilikuwa na mto wa kitambaa cha maua alioushona mwenyewe. Niliuondoa nikaketi. Nikajisikia vibaya, nikaurudisha nikaukalia, nikajisikia vibaya zaidi. Siku ile yote nilihangaika na mashine. Programu ilikuwa ya Kiingereza na ilionyesha jina moja moja. Sikujua namna ya kuiagiza inionyeshe orodha nzima, jambo ambalo Mabior alilifanya kila wiki. Jioni nilikubali nilichokuwa nakijua tangu saa nne asubuhi: mtu pekee wa kunifundisha ni yule niliyekuja kuchukua kiti chake.

Jumanne asubuhi nilimtafuta kambini. Nilimkuta nje ya nyumba yake ya matofali ya udongo, anapiga pasi shati kwa pasi ya makaa. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake.

"Dada Moraa," akasema kabla sijajitaja. "Nimejua kwa vile unasimama. Hata kwa redio unasimama hivyo, kama mtu anaomba msamaha."

Nilimwambia sijui kutoa orodha. Nilitarajia anicheke, au anifukuze, na nilikuwa na jibu la kila moja. Yeye alivaa lile shati likiwa bado na joto. "Kazi ikabidhiwe vizuri," akasema. "Watu watasema Mabior ni mwizi. Wasiseme tena Mabior hajui kazi."

Ofisini alibaki amesimama. Mimi nilikuwa kitini. Aliinama juu ya bega langu, akaandika amri, na majina yakaanza kukimbia kwenye skrini, chini kwenda juu, haraka kuliko jicho. Kisha akabonyeza Ctrl na S. Majina yakasimama.

"Unahifadhi nini?" nikauliza. "Hujaandika kitu."

"Sihifadhi. Nasimamisha. Ili nisome." Akabonyeza Ctrl na Q, majina yakakimbia tena. Ctrl na S, yakasimama. "Hapa S ni ya kusimama, Q ni ya kuendelea. Huyo aliyeleta mashine alinifundisha. Kwani kwenu S ni ya nini?"

"Ya kuhifadhi."

Alifikiri kidogo, halafu akacheka kicheko kikubwa ambacho sikukitegemea kwa mtu mwenye msiba wake. "Hifadhi! Dada, mimi niliomba hifadhi hapa Kenya kwa karatasi, wakaniambia ngoja. Wewe umeomba kwa kitufe, na hii mashine pia imekuambia ngoja. Hakuna tofauti!"

Mimi sikucheka. Nilikiona chumba changu mbele ya macho. Jenereta inakohoa Lodwar. Vidole vyangu vinaruka. Ctrl na S inasafiri kwa redio mpaka Kakuma, na mashine ya Kakuma, ambayo haijui Windows wala chuo changu, inatii kwa lugha yake: inasimamisha skrini. Skrini imesimama, lakini mashine haijalala. Inapokea kila ninachobonyeza, ila hainionyeshi. Na mimi, nikiona skrini imeganda, nasema redio imekwama, umeme umeyumba. Na halafu nafanya nini? Nilijiuliza kwa sauti.

"Nafanya nini skrini ikiganda, Mabior?"

"Wewe ndiye unajua."

"Nabonyeza Esc, ili nitoke. Halafu naandika jina upya toka mwanzo. Likikataa, nakata."

"Esc inarudi kwa menyu," akasema Mabior polepole. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Na kwa menyu, jina uliloingiza mwisho ndilo limeshikwa. Kwa menyu herufi ni amri, dada. Si jina tena."

Amri zile zilikuwa za Kiingereza, herufi moja moja, zimeorodheshwa chini ya skrini. D ilikuwa ya kufuta. Ukiibonyeza, mashine iliuliza kama una hakika, ikangoja Y ya ndiyo au N ya hapana. Herufi nyingine zote iliziacha zipite. Nilichukua penseli nikaandika kwenye karatasi: Dut Mayom. D, futa. Una hakika? U, t, M, a, hazisikiki. Y, ndiyo. Dau Ayuel. D, futa. A, u, A, hazisikiki. Y, ndiyo. Mabior alishika ukingo wa meza. Ndani ya jina la kila mtu wa kwao aliyefuata mlikuwa na amri ya kumfuta aliyemtangulia, na mimi ndiye niliyeitoa, gizani, kutoka umbali wa nusu siku kwa lori. Kisha nikakata, nikapiga upya, nikaona Dut Mayom hayumo, nikamwandika vizuri, nikafurahi. Yule wa juu yake sikuwahi kumtazama tena.

Nikafungua boksi la fomu. Kichwa changu, kwa mara ya kwanza mwaka ule, kilikuwa kimetulia kabisa. Tulizitoa zile saba na zilizozifuata. Kwenye kona ya kila fomu ya Mdinka iliyofuata jina lililopotea palikuwa na herufi ndogo ya penseli. R. R. R. Saba kati ya saba. Na R nyingine nyingi zilikuwepo kwenye majina yasiyokuwa na D iliyofuatwa na Y, ambayo hayakumdhuru mtu.

"Hii R ni nini?" Mabior akauliza.

"Ni mimi," nikasema.

Jumatano tulirudia jaribio mara nyingi kwa majina ya uongo, mpaka nikawa na hakika hata mimi. Mchana nilienda kula kwa Mhabeshi mmoja aliyekuwa na mkahawa wa mabati sokoni. Niliagiza injera, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi wa dengu, na sikuigusa. Sasa kwa kuwa nilijua ukweli, nilianza kutafuta namna ya kuusema bila kujitaja. Ningeweza kusema ni hitilafu ya mifumo miwili, na isingekuwa uongo. Ningeweza kusema njia za mkato za Windows na Unix zinagongana, na Bwana Wekesa, ambaye hakujua hata kuwasha kompyuta, angetikisa kichwa na kuandika barua. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Nilikuwa naipanga sentensi hiyo, naipunguza, naipaka mafuta, ndipo nikasikia meza ya nyuma.

"Huyo Mdinka amerudi ofisi jana. Nimeona na macho yangu."

"Ameletwa na yule msichana wa Lodwar. Watu wakubwa wanalindana, ndugu yangu. Nyanya yangu Nakiru anakaa kwa giza, na yeye anapiga shati pasi."

"Kuuza macho ya mtu! Heri angeiba mbuzi."

"Kesho nitakuwa kwa lango. Akitoka, atatoka mbele yangu."

Nikageuka kidogo. Aliyekuwa anasema kuhusu nyanya yake alikuwa kijana Mturkana wa rika langu, amevaa fulana ya njano na kofia yenye manyoya. Nakiru lilikuwa jina la tatu katika yale saba. Nilikumbuka fomu yake, hata kosa la tahajia nililolisahihisha, nikajipongeza. Ile sentensi niliyokuwa nikiipaka mafuta nikaiacha. "Hitilafu ya mifumo" haikuwa na uso. Kijana huyu angeendelea kumtazama yule yule mwenye uso. Kama hakuna mtu atakayesema "ni mimi", mwenye kosa atabaki kuwa Mabior. Nikaila ile injera yote, haraka, kama mtu anayejaza mafuta kwa safari.

Alhamisi asubuhi gari la Bwana Wekesa lilifika pamoja na lori. Langoni watu walikuwa wamejaa: mama wenye vijana wa kuwashika mikono, wazee wenye fimbo, na yule kijana wa fulana ya njano mbele kabisa. Nilimpeleka mkubwa wangu ndani nikamwonyesha kila kitu, karatasi, fomu, mashine. Nilisema "mimi" mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliposikia habari ya D na Y aliniomba nirudie. Nilirudia. Akaanza kukunja mikono ya shati, na mimi nikangoja.

"Kwa hiyo niliyemweka nyumbani wiki mbili hana kosa."

"Hana, Bwana."

"Na mwenye kosa yuko kwenye majaribio."

"Ndiyo, Bwana."

Alitazama nje, kule watu walikokuwa. Nafikiri hata yeye alikuwa anaona aibu, na hakujua aiweke wapi. "Mimi nitamwandikia Mabior barua," akasema hatimaye. "Lakini barua itasomwa na nani? Wale hawasomi barua zangu. Nenda uwaambie. Umeyafuta kwa kidole, yarudishe kwa mdomo. Ukirudi tutazungumza habari ya kazi yako."

Nilitoka. Mabior alikuwa amesimama peke yake kando ya ukuta, mikono nyuma, shati limenyooka. Niliwaambia watu jina langu. Niliwaambia kwamba majina saba niliyafuta mimi, nikiwa Lodwar, kwa kutojua, na kwamba Mabior hakugusa hata moja. Mzee mmoja alitafsiri kwa Kiturkana, mwanamke mmoja kwa Kiarabu cha Juba. Nilipomaliza, yule wa fulana ya njano akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Amekulipa nini?"

Kicheko kibaya kikapita. Nilikuwa na majibu kumi. Nilikuwa nimeyaandaa yote kitandani usiku wa kuamkia siku ile, yenye sababu na sababu za sababu. Sikuyatumia. "Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Ekiru. Ekiru wa Lopur."

"Njoo ndani, Ekiru. Usiniamini. Bonyeza mwenyewe."

Aliingia, na nyuma yake mlango ukajaa vichwa. Niliketi, nikaingiza jina lake kwenye orodha mbele yake, Ekiru, herufi kwa herufi, na akajiona kwenye skrini, akatabasamu bila kutaka. Nikainuka nikampa kibodi. Nikamwonyesha Ctrl na S. Akabonyeza. "Sasa skrini imeganda," nikasema. "Umekasirika. Bonyeza hii ya kutoka. Sasa andika jina la mtu anayekufuata: Dut Mayom." Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na skrini haikuonyesha kitu. "Sasa Ctrl na Q, tuone mashine ilikuwa inafanya nini."

Skrini ikashtuka. Swali la kufuta likapita, jibu la ndiyo likapita, na pale palipokuwa na Ekiru hapakuwa na Ekiru.

Alitazama kidole chake. Akatazama skrini. Akamtazama Mabior, aliyekuwa ameingia na kusimama kwenye kona. "Kwa hiyo," akasema, "mimi nimejiuza mwenyewe?"

Mlangoni walicheka, na safari hii kilikuwa kicheko kingine. Ekiru hakucheka mara moja. Aligeuka akawaeleza wa nje kwa Kiturkana, kwa maneno mengi na mikono mingi, akionyesha kidole kile hewani, na nilisikia jina la Nakiru likirudi tena na tena. Sikuelewa kitu kingine. Alipomaliza alivua kofia yake, akasimama nayo mkononi, kama mtu asiyejua namna ya kuanza.

"Mabior," akasema. "Mimi nimepotea kwa hii mashine. Nirudishe."

 Nilisogea kando. Mabior alikuja polepole, akaukung'uta ule mto wa maua, akauweka sawa, akaketi. Akavuta kibodi karibu. Akakaa na vidole vyake juu ya vitufe, wima, akitazama mbele.

"Jina?" akauliza, kana kwamba halijui.

"Ekiru."

"Taja herufi, moja moja."

Ekiru akasogea karibu na meza. Kisha, kwa adabu, mbele ya watu wote, akaanza kutaja herufi, na Mabior akaziandika moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.